Ufunguo Uliobaki Kwenye RAM: Uchambuzi wa Kisa cha Princeton, 2008

Diski ya gigabaiti 500 ina biti zipatazo trilioni nne. Ukiisimba kwa AES, kanuni ya usimbaji inayotumika sana, siri ya biti zote hizo inahamia kwenye ufunguo wa biti 128 au 256. Anayeiba diski peke yake anaondoka na chuma na sumaku. Hasomi barua, hasomi picha, hasomi hata jina la faili. Hilo limeelezwa mara nyingi na ni kweli. Lakini ufunguo nao lazima ukae mahali. Kompyuta ikiwa imewashwa, kila faili linalofunguliwa husimbuliwa papo hapo, na prosesa haiwezi kusimbua bila ufunguo kuwa karibu nayo. Kwa kompyuta nyingi, mahali hapo pa karibu ni RAM, memori ya muda ya kompyuta. Kwa hiyo biti trilioni nne zinakuwa zimening'inia kwenye kapasita mia mbili na kitu, yaani vihifadhi vidogo vya chaji vilivyomo ndani ya RAM, na usalama wa diski nzima unategemea mambo mawili ya kifizikia: chaji za kapasita hizo zinadumu muda gani baada ya umeme kukatika, na nani anaweza kuzifikia kabla hazijaisha.

Tarehe 21 Februari 2008 watafiti tisa, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, walitoa majibu ya maswali hayo yakiwa na vipimo. Jina la kwanza kwenye andiko lao lilikuwa la J. Alex Halderman, la mwisho la Profesa Edward Felten. Kati yao walikuwamo Nadia Heninger, Jacob Appelbaum, Seth Schoen wa Electronic Frontier Foundation na William Paul wa Wind River Systems. Walionyesha kwamba kwa kopo la hewa ya kupulizia vumbi kwenye kibodi, mtu aliyeshika kompyuta iliyowashwa lakini imefungwa kwa nenosiri anaweza kuipata diski nzima ikiwa wazi. Shambulio hilo likaja kuitwa la kuwasha baridi (cold boot). Tunalichambua hapa kwa sababu hatujaona kisa kingine kinachoonyesha kwa uwazi namna hii kwamba data ni kitu chenye mahali, joto na muda.

Umri wa chaji

Seli ya DRAM, aina ya RAM ya kompyuta za kawaida, ni transista moja na kapasita moja. Kapasita hiyo ina uwezo wa femtofaradi 20 hadi 30 hivi. Kwa volti 1.8 za DDR2, RAM iliyokuwa sokoni wakati ule, kapasita iliyojaa hubeba elektroni kati ya laki mbili na laki tatu na ushei. Chukua ufunguo wa biti 256, ambao takriban nusu ya seli zake zina chaji: jumla ni elektroni milioni thelathini na kitu. Mishahara ya ofisi nzima, mafaili ya wagonjwa, mikataba, vyote vimesimama juu ya elektroni hizo.

Kapasita hizi huvuja taratibu. Transista inayotakiwa kuizuia chaji isitoke haizuii kabisa, kwa hiyo kidhibiti cha memori hulazimika kupita safu baada ya safu, kuisoma kila moja na kuiandika upya. Viwango vya JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu za memori, vinataka kila seli ihuishwe angalau mara moja kila milisekunde 64; kwa amri 8,192 za kuhuisha, hiyo ni amri moja kila mikrosekunde 7.8.

Namba hiyo ya 64 ndiyo iliyopotosha watu. Wengi waliielewa kuwa umri wa data: umeme ukikatika, kufumba na kufumbua RAM ni tupu. Sivyo kabisa. Milisekunde 64 ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu seli dhaifu kuliko zote ndani ya chipu yenye mamia ya mamilioni ya seli, tena kwenye joto linalofika nyuzi 85 za Sentigredi. Seli za kawaida kwenye joto la kawaida hudumu makumi hadi mamia ya mara zaidi ya hapo. Na uvujaji wenyewe unategemea sana joto: kwa makadirio ya kawaida, joto likishuka nyuzi 10, uvujaji hupungua karibu kwa nusu. Poza chipu kwa nyuzi 80 na umri wa chaji unakuwa umeongezeka mara mia mbili na zaidi.

Watafiti walichukua kompyuta sita, za kuanzia 1999 hadi 2007, wakazijaza mpangilio wa biti wanaoujua, wakakata umeme kwa muda uliopimwa, wakawasha tena, wakahesabu biti zilizobadilika. Bila kupoza chochote, chipu zikiwa kwenye joto lao la kazi la kati ya nyuzi 25.5 na 44.1, kompyuta iliyosahau haraka kuliko zote ilichukua sekunde 2.5 kupoteza kila kitu, na iliyokawia ilichukua sekunde 35 kwa wastani. Mpya ndizo zilizosahau haraka, kwa sababu seli zimekuwa zikifanywa ndogo na zenye volti ndogo zaidi. Hata hivyo sekunde 2.5 ni nyingi: mtu akichomoa betri na kuirudisha haraka hatumii hata moja.

Kisha wakapoza. Kopo la hewa ya kupulizia vumbi halina hewa hasa. Ndani yake mna kimiminika kinachogeuka gesi kikitoka. Likishikwa wima hutoa gesi. Likigeuzwa chini juu, kimiminika chenyewe ndicho kinachomwagika juu ya chipu, kinavukiza hapohapo na kuchukua joto nacho, na chipu inashuka hadi karibu nyuzi 50 chini ya sifuri. Kwenye IBM ThinkPad T43p ya mwaka 2006, sekunde 40 bila umeme kwenye joto la kawaida ziliharibu biti kwa asilimia 50. Asilimia 50 hapo maana yake ni kwamba hakuna kilichobaki, kwani hata anayebahatisha hupatia nusu. Memori ileile ikiwa imepozwa, sekunde 40 hizohizo ziliharibu asilimia 0.025 tu, na sekunde 80 ziliharibu asilimia 0.18. Kwa jumla, baada ya dakika 10 bila umeme kwenye baridi hiyo, makosa hayakufika asilimia 1. Walipozitumbukiza kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, memori zilikaa nje ya kompyuta dakika 60 nzima na kupoteza asilimia 0.17.

Mtu anayebeba kipande hicho cha RAM mfukoni anabeba data, kwa maana ileile ambayo mtu anayebeba bahasha anabeba barua.

Namna seli inavyosahau

Seli inayovuja haibadiliki ovyo kwenda 0 au 1. Chaji inatoka, haiingii. Kwa hiyo kila seli inaelekea kwenye hali moja tu, hali yake ya utupu. Kilichochanganya kidogo ni kwamba ndani ya chipu kuna maeneo ambayo utupu husomwa 0 na maeneo ambayo utupu husomwa 1, kufuatana na jinsi mtengenezaji alivyozipanga nyaya.

Picha moja iliyo kwenye andiko lao inalionyesha hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Waliweka picha ya Mona Lisa kwenye RAM ya kompyuta ya zamani kuliko zote sita, wakakata umeme, kisha wakaisoma RAM kama picha tena. Baada ya sekunde 5 huoni tofauti na ya mwanzo. Baada ya sekunde 30 chengachenga zimeanza. Baada ya sekunde 60 uso bado unatambulika, lakini umekatwa na mistari ya mlalo: mlia mweusi, mlia mweupe, mweusi, mweupe. Milia hiyo ndiyo mpangilio wa nyaya za chipu unaojitokeza kadiri data inavyotoweka. Baada ya dakika 5 karibu yote ni milia, ingawa dalili za picha ya mwanzo bado zipo.

Kwa mshambuliaji, uelekeo huo mmoja ni zawadi kubwa. Akijua kwamba eneo fulani hali yake ya utupu ni 0, basi kila 1 anayoiona hapo karibu hakika ni ya kweli, maana seli tupu haijijazi yenyewe. Shaka inabaki kwenye zile 0 peke yake. Nusu ya kazi ya kusahihisha makosa imeshafanywa na fizikia.

Ziada iliyoachwa na kasi

Hata hivyo, ufunguo wenye biti chache zilizoharibika ni ufunguo usiofungua kitu. AES haina "karibu sawa"; biti moja ikikosewa, matokeo yote ni takataka. Ilibidi makosa yasahihishwe. Hapa ndipo ukokotoaji wenyewe ulipowasaliti wenye data.

AES-128 hauutumii ufunguo kama ulivyo. Huukunjua kuwa funguo 11 za mizunguko, kila moja baiti 16, jumla baiti 176. AES-256 huukunjua kuwa 15, jumla baiti 240. Ukunjuaji huo ungeweza kufanywa upya kwa kila kipande cha data, lakini diski ingekuwa nzito mno. Waandishi wa programu wote walifanya jambo la busara: wanaukunjua mara moja, wanaweka baiti 176 au 240 kwenye RAM, na kuzitumia muda wote diski ikiwa wazi. Kwa hiyo biti 128 za siri zimeandikwa kwa biti 1,408, na biti zote hizo zinahusiana kwa kanuni inayojulikana na kila mtu. Hiyo ni ziada ileile ambayo wahandisi wa mawasiliano huiweka makusudi ili ujumbe upone kwenye kelele. Hapa imewekwa bila kukusudia, na ujumbe unaopona ni ufunguo.

Kuutafuta, basi, hakuhitaji kujua Windows inaweka wapi nini. Programu inapita RAM yote, baiti baada ya baiti. Kila mahali inachukua baiti 176 zinazofuata na kuuliza kama zinakaribia kutii kanuni ya ukunjuaji. Data ya kawaida haikaribii kabisa. Ikipatikana sehemu inayokaribia, usahihishaji unaanza. Baiti nne fulani za ufunguo wa mzunguko wa kwanza zinaamua kabisa baiti tatu za mzunguko unaofuata; kwa hiyo kila kikundi cha nne kina mashahidi watatu, na vikundi viko vinne. Unapanga uwezekano wa kila kikundi kuanzia unaoelekea zaidi kuwa kweli, unaunganisha vinne, unakunjua ufunguo mzima na kulinganisha na kilichomo kwenye RAM. Biti zikiwa zimeharibika kwa asilimia 15, ufunguo wa AES-128 ulirudishwa kwa chini ya sekunde moja. Zikiwa zimeharibika kwa asilimia 30, nusu ya funguo zilirudishwa ndani ya sekunde 30. Linganisha na asilimia 0.18 ya ThinkPad iliyopozwa kwa sekunde 80, utaona kwamba mshambuliaji alikuwa na nafasi ya kutosha na kusaza.

Inafaa hapa kupima ukuta ambao hawakuugusa. Rolf Landauer wa IBM alionyesha mwaka 1961 kwamba kufuta biti moja ya taarifa hugharimu nishati isiyopungua kiwango fulani, ambacho kwenye joto la chumba ni jouli 2.9 × 10⁻²¹ hivi. Kompyuta inayofanya kazi kwenye kikomo hicho, inayofuta biti moja tu kwa kila ufunguo inaoupita na haifanyi kingine chochote, ikihesabu kutoka sifuri hadi ufunguo wa mwisho wa biti 128, ingehitaji karibu jouli 10¹⁸. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, megawati 2,115 zote zikiwaka usiku na mchana, lingechukua karibu miaka 15 kuzizalisha, na kompyuta za kweli ziko mbali sana na kikomo hicho. Kwa biti 256 ni jouli 3 × 10⁵⁶. Nishati yote ya Jua kwa mwaka ni 1.2 × 10³⁴. Ukuta wa hesabu umetengenezwa kwa nishati, na hauna ufa. Watafiti waliupita pembeni kwa kusoma elektroni mahali zilipokuwa zimekaa.

Jinsi BitLocker ilivyofunguka

Mifumo mitano ya kusimba diski ilijaribiwa na yote mitano ikafunguka: BitLocker ya Windows Vista, FileVault ya Apple, TrueCrypt, na dm-crypt na loop-AES za Linux. Njia za kuifikia RAM zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuiwasha kompyuta upya bila kukata umeme na kuielekeza kwenye flashi yenye programu ndogo ya kunakili memori. Ya pili ni kukata umeme kwa kitambo kidogo na kurudisha, ili mfumo usipate nafasi ya kufuta chochote wakati wa kuzimika. Ya tatu ni kupoza, kukata, kuchomoa RAM na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine iliyoandaliwa. Njia ya tatu ndiyo nzito zaidi na ndiyo isiyozuilika kwa mipangilio ya kompyuta iliyoibwa, kwa sababu kompyuta hiyo haishirikishwi tena.

Programu ya kunakili lazima iwe ndogo, kwa sababu yenyewe inapakiwa kwenye RAM ileile na kila baiti yake inafunika baiti ya mwathirika. Kuwasha mfumo mzima wa kawaida kungefuta sehemu kubwa ya ushahidi.

BitLocker ilishughulikiwa kwa chombo walichokiita BitUnlocker: diski ya nje ya USB yenye Linux ndani yake. Unakata umeme, unachomeka, unawasha. Chombo kinanakili RAM, kinatafuta funguo, kinajaribu zilizopatikana moja baada ya nyingine, na diski inafunguka kama folda ya kawaida. Kwenye kompyuta mpakato yenye gigabaiti 2 za RAM kazi yote ilichukua dakika 25 hivi, bila mtu kuandika chochote.

Kosa la BitLocker kwenye mpangilio wake wa msingi lilikuwa la ndani zaidi. Katika mpangilio huo, TPM, chipu ya usalama inayotunza ufunguo kwenye kompyuta, inaukabidhi ufunguo kwa Windows mara kompyuta inapowaka, kabla mtumiaji hajaandika chochote. Sura ya kuingia inapotokea na kuomba nenosiri, ufunguo wa diski umeshakaa kwenye RAM. Maana yake hata kompyuta iliyozimwa tangu jana ilikuwa hatarini: mwizi anaiwasha, anaiacha ifike kwenye sura ya kuingia, anapoza, anakata. Nenosiri la Windows lilikuwa linalinda skrini. Diski lilikuwa haliilindi. TrueCrypt na dm-crypt, ambazo hazina ufunguo mpaka mtu aandike nenosiri, zilikuwa salama zikishazimwa kwa dakika kadhaa.

Kulaza kompyuta kulikuwa hatari kwa mifumo yote. Kifuniko kikifungwa, skrini inazimika na feni inanyamaza, lakini RAM inaendelea kuhuishwa kila milisekunde 64 kwa umeme wa betri. Kwa fizikia, kompyuta iliyolala imewashwa.

Kilichorekebishwa, na kisichorekebishwa

Dawa ya kwanza ilikuwa ya programu ya kuwashia: weka alama wakati ufunguo uko kwenye RAM, na kompyuta ikiwaka tena ikaikuta alama hiyo, ifute RAM yote kabla ya kuendelea. Inazuia njia ya kwanza na ya pili. Njia ya tatu haiigusi. Na mwaka 2018 Olle Segerdahl na Pasi Saarinen wa F-Secure walionyesha kwamba alama yenyewe inakaa kwenye chipu ndogo isiyolindwa; ukiandika upya chipu hiyo kwa kifaa cha nje, ufutaji haufanyiki na shambulio la 2008 linarudi kama lilivyokuwa.

Kisha RAM za DDR3 na DDR4 zikaja na uchanganyaji: kidhibiti cha memori huchanganya data na biti zinazofanana na za nasibu kabla ya kuiandika. Wengi walipumua. Lakini uchanganyaji huo uliwekwa kwa sababu za umeme, ili mistari mirefu ya 0 au 1 isilete mishtuko ya mkondo. Haukuwekwa kwa ajili ya siri. Biti zake zinajirudia, na RAM ina maeneo makubwa yaliyojaa sifuri ambayo yakichanganywa yanaanika biti zenyewe. Watafiti wa vyuo vikuu waliuvunja mwaka 2016 kwa DDR3 na mwaka 2017 kwa DDR4.

Simu nazo hazikusalimika. Mwaka 2013 Tilo Müller na Michael Spreitzenbarth wa Chuo Kikuu cha Erlangen nchini Ujerumani waliweka Galaxy Nexus kwenye friza, wakachomoa betri na kuirudisha upesi, wakapata ufunguo wa Android. RAM ya simu imelehemiwa kwenye bodi, lakini betri ya simu ile ilikuwa inatoka.

Kazi iliyotugusa zaidi ni TRESOR, ya Müller huyohuyo na wenzake, mwaka 2011: badala ya kuulinda ufunguo ndani ya RAM, wakauondoa humo. Ufunguo unakaa kwenye rejista za utatuzi za prosesa, yaani nafasi ndogo za kuhifadhi zilizo ndani ya prosesa yenyewe, na funguo za mizunguko zinakunjuliwa upya ndani ya rejista kila zinapohitajika, kasi ikipungua kidogo. Rejista hazivuji kwa namna ile na haziwezi kuchomolewa. Njia hiyo ndiyo iliyoshinda baadaye kwa sura nyingine. Kompyuta na simu za Apple zenye chipu ya usalama zinasimbia data kwenye mashine maalumu iliyoko njiani kati ya hifadhi na memori, na ufunguo haufiki kwenye RAM ya kawaida. AMD kwenye prosesa zake za EPYC za mwaka 2017 ilienda upande mwingine: RAM yenyewe inasimbwa kwa AES ndani ya kidhibiti cha memori, kwa ufunguo usiotoka kwenye chipu. Ukipoza na kuchomoa RAM hiyo, unapata data iliyosimbwa.

Angalia kilichotokea katika hayo yote. Ufunguo haukuondolewa duniani. Umehamishwa kutoka kwenye kapasita inayofikika kwa bisibisi hadi kwenye silikoni inayohitaji maabara.

Kompyuta iliyoibwa ofisini

Haya yana uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 43, inamtaka mwenye kudhibiti data amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 pale data inapoangukia mikononi mwa asiyehusika na kukiwa na hatari ya kweli ya madhara. Kifungu hichohicho kinasema kuwajulisha wenye data si lazima iwapo kinga zinazofaa zilikuwepo, na usimbaji umetajwa miongoni mwazo. Msimamizi wa mitambo ataulizwa: diski ilikuwa imesimbwa? Jibu la ndiyo halitoshi. Maswali yenye maana ni manne: kompyuta ilikuwa imezimwa, imehifadhiwa kwenye diski (Hibernate), au imelala tu (Sleep)? Ufunguo unatolewa na TPM peke yake, au inahitaji PIN kabla ya Windows kuanza? RAM inachomoka au imelehemiwa? Na kama ilizimwa, ilizimwa muda gani kabla ya kuporwa? Kompyuta iliyoporwa kwenye gari ikiwa imelala, yenye TPM bila PIN, tunaihesabu kuwa diski yake haikusimbwa. Iliyozimwa kwa saa moja na yenye PIN ya kuwashia, tunaihesabu kuwa imesimbwa kweli.

Kwa Windows, PIN ya kuwashia huwezeshwa kwenye sera za BitLocker, sehemu ya diski za mfumo, kwa kuruhusu uthibitisho wa ziada wakati wa kuwasha. Kisha kwenye kompyuta husika, ukiwa na haki za msimamizi, unaandika manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN. Matoleo ya Home hayana nafasi hiyo. Hatua ya pili ni kuzima usingizi. Kwenye mipangilio ya umeme, kitendo cha kufunga kifuniko kibadilishwe kutoka Sleep kwenda Hibernate. Hibernate huandika RAM yote kwenye diski iliyosimbwa na kukata umeme; kuamka kunachukua sekunde chache zaidi, na watumiaji watalalamika wiki ya kwanza. Wengi hukosea hapa: wanaweka PIN lakini wanaacha usingizi, na kompyuta inayoamka kutoka usingizini haiombi PIN ya BitLocker kamwe, kwa sababu ufunguo haukuondoka.

Linux ina tatizo lilelile. LUKS, mfumo wake wa kawaida wa kusimba diski, haifuti ufunguo kompyuta inapolala, isipokuwa umepanga cryptsetup luksSuspend iendeshwe kabla ya kulala, na kwa diski yenye mfumo mzima mpangilio huo ni wa tabu kidogo.

Jambo la mwisho ni upande wa pili wa kisa hiki, na mafundi wanaouza kompyuta zilizotumika wangefaa kulijua. SSD, diski ya chipu isiyo na sehemu zinazozunguka, hugawanya uandikaji kwenye seli zake zote ili zisichakae kwa upande mmoja, na ina seli za akiba ambazo mfumo hauzioni. Ukiandika sifuri juu ya faili, sifuri zinaenda kwenye seli nyingine na data ya zamani inabaki pale ilipokuwa. Kuifukuza seli kwa seli kutoka nje hakuwezekani kwa uhakika. Lakini ikiwa SSD ilisimbwa tangu siku ya kwanza, kabla faili la kwanza halijaandikwa, kinachotakiwa kuharibiwa ni ufunguo peke yake. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa kusafisha vifaa, namba 800-88, unaitambua njia hiyo, kwa sharti kwamba hakuna nakala ya ufunguo iliyobaki popote. Kwa hiyo kabla ya kuiuza, tafuta kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48 wa kurejeshea BitLocker: uliochapishwa na kuwekwa kwenye faili la karatasi, uliohifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft, na ulioko kwenye Active Directory, orodha kuu ya akaunti na kompyuta za ofisi. Kisha zima kompyuta, isiwe imelala, ndipo ufute.